Doña Herminia Calisaya na Mnara wa Wanahewa wa Chacaluma

Ijumaa, tarehe 28 Juni, Doña Herminia Calisaya atashuka kwenye lori la winchi la Idara ya Barabara kwa mara ya mwisho. Ameitumikia manispaa yetu ya Chacaluma kwa miaka thelathini na mmoja, na sisi tunaobaki tumeshaanza kugombania ufunguo wa lori ambalo hakuna kati yetu anayeliweza.

Aliajiriwa kama mpishi wa kambi ya mafundi wa barabara. Siku moja lori la mchanga lilitumbukia mtaroni, na dereva wa winchi alikuwa hoi kwa homa. Herminia alikulia kwenye machimbo ya bati, ambako baba yake alikuwa mtu wa winchi. Alijifuta mikono kwenye aproni, akapanda.

Don Nazario, msimamizi wetu, akaangua kicheko. "Mama, hiyo si sufuria ya supu!"

"Nikishindwa, nakupikia bure mwezi mzima," akamjibu. "Nikiliopoa, sufuria utaosha wewe."

Don Nazario aliosha sufuria. Hazijawahi kutakata vile tena.

Tangu hapo ameinua nguzo za madaraja, mabasi yaliyopinduka, na punda wa paroko aliyeingia kisimani akatoka na hasira. Lakini tukikaa kumzungumzia, wote tunaishia kwenye mnara.

Kwenye mlima ulio juu ya mji wetu zimeanguka ndege tatu za jeshi la anga, kila moja kwa mwaka wake, na wanahewa kumi na wawili wakafa. Jamaa zao waliamua kuwajengea mnara pale barabara inapovuka mlima. Katikati yake walitaka iwekwe injini ya ndege ya mwisho, iliyokuwa bado imekwama mteremkoni, juu ya korongo. Aliyeshikilia zaidi jambo hilo alikuwa mwalimu mstaafu, Don Gualberto Arnez. Mwanawe, Luteni Edmundo, ndiye aliyekuwa rubani wa ndege hiyo, na mwili wake haukupatikana.

"Nipeni kitu ninachoweza kukigusa," alituambia. Nani angemkatalia?

Tuliegesha lori ukingoni, tukaifunga injini juu ya magogo, na Doña Herminia akaanza kuivuta polepole. Severo Apaza, mdogo kuliko sisi wote kazini, aliufuata mzigo kwa pembeni akiwa na mtaimbo. Walipofika nusu ya mteremko, jiwe lilimponyoka chini ya mguu. Akateleza hadi chini ya injini, na mguu wake ukabanwa kati ya miamba miwili.

"Simamisha! Simamisha!" tukapiga kelele.

Winchi ikasimama. Injini ikabaki inaning'inia kwenye waya juu ya kichwa cha Severo. Don Nazario nami tulishuka mbio, na huko juu tukasikia sauti ambayo sitaki kuisikia tena: magurudumu ya lori yalikuwa yanakwaruza changarawe. Theluji ilikuwa imeyeyuka chini yake, na lori lilikuwa linavutwa kuelekea ukingoni.

"Mwalimu!" Doña Herminia alimwita Don Gualberto, aliyekuwa peke yake huko juu. "Mawe! Zuia magurudumu!"

Mzee akabeba mawe. Alibeba mawe ambayo mtu wa umri wake hapaswi hata kuyasukuma. Sisi huko chini tulikuwa tunachokoa mwamba kwa mtaimbo, Severo akituapiza kwa Kiaymara, lugha ya kwao, na wingu limetufunika hata tusione lori. Hatimaye mguu ukachomoka. Tukamburuta pembeni.

"Yuko salama! Tumetoka chini ya injini!" tukapaza sauti kuelekea juu.

Hapo ndipo fremu ya winchi ilipoanza kupasuka. Waya ukikatika kwa nguvu ile, unaweza kumkata mtu vipande viwili, nasi watatu bado tulikuwa mteremkoni. Tulimsikia Don Gualberto akilia.

"Usiiachie! Vuta kidogo tu, nakusihi! Huyo ni mwanangu!"

"Mwanao hayumo humo, mwalimu," Doña Herminia alisema. "Wana wa wenzako ndio wako pale chini."

Akaachia breki. Injini ilitupita ikinguruma, ikagonga mwamba, ikagonga tena, kisha korongo likanyamaza. Tulipofika juu, Doña Herminia alikuwa bado ameshika mkono wa breki, hawezi kukunjua vidole. Don Gualberto alimwambia, "Mungu akulipe kwa ulichonifanyia," na hakuwa anamwombea heri. Akateremka kwa miguu hadi mjini.

Mnara ukajengwa kwa mawe matupu ya mlima huohuo. Doña Herminia ndiye aliyeyasomba, Jumapili zake zote, bila mtu kumwomba. Akipita mbele ya nyumba ya mwalimu, dirisha lilifungwa.

Siku ya uzinduzi Don Gualberto ndiye aliyepaswa kuivua bendera iliyofunika jiwe la majina. Alikwenda mbele, akaishika, akasita. Akageuka, akapenya katikati ya watu hadi alipokuwa Doña Herminia.

"Yule kijana yuko wapi?"

Akamwonyesha Severo, aliyesimama nyuma kabisa akiegemea fimbo, amempakata binti yake mchanga. Mwalimu akamtazama mtoto.

"Wewe baba, njoo," akamwambia Severo. "Mkono wangu mmoja hautoshi."

Wakaivua pamoja.

Doña Herminia, tunakushukuru kwa kila ulichokivuta, na kwa kile ulichokubali kukiachia. Nenda ukalime viazi vyako, ulale hadi jua likupate kitandani, na maisha yakuendee vyema. Kwenye jiwe pale juu kuna majina kumi na mawili. La kumi na tatu halikuandikwa, kwa sababu yako.