Mwalimu Bochaberi na Milango ya Mguso

Mwalimu Bochaberi alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Nyamache, Kisii, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ombati na Mama Kerubo. Mama alisimulia kwamba huyu hakupata usingizi mpaka ashikwe. Alipokua, akawa yeye ndiye mshikaji. Ukikaa karibu naye, mkono wake tayari u begani mwako.

Baada ya shule za Nyamache, alihitimu ualimu wa biolojia mwaka 2003. Chuoni alitekwa na somo moja, jinsi seli inavyojua kwamba imeguswa, na sisi wadogo zake alituchosha nalo likizo nzima tukichuma chai. Kwenye utando wa seli, alisema, kuna vijilango vya protini. Ngozi ikibonyezwa, utando huvutika, kijilango hufunguka, chembe za chumvi zenye umeme huingia, na mshipa wa fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. “Kijilango hakijui nani aliyegusa,” alituambia. “Kinafunguka tu. Kujua ni kazi yako.”

Januari 2005 alipangiwa shule ya sekondari Faza, visiwani Lamu. Siku ya kwanza alimpa mkono mwalimu mwenzake, Bwana Fahmi, naye akauweka wake kifuani na kuinamisha kichwa. Dada yetu alibaki na mkono hewani, akanuna wiki nzima. Mkewe Fahmi, Bi Zamzam, ndiye aliyemwendea nyumbani. “Si dharau, mwalimu. Mume hampi mkono mke asokuwa wake. Hiyo ndiyo ndia yetu ya heshima.” Ndia ni njia, kwa lugha ya huko. Walicheka, wakawa marafiki, na tangu hapo akawa anamsalimu Fahmi vivyo hivyo, mkono kifuani. Darasani aliwafunga wanafunzi macho kwa leso, akawagusa shingoni kwa uzi wa kushonea kofia, kisha akawauliza wamejuaje.

Tarehe 13 Desemba 2008 alifunga ndoa na Bwana Rufus Kirimi, afisa wa uvuvi, kanisani mjini Lamu. Shemeji si mtu wa maneno mengi. Akitoka kazini aliushika mkono wa mkewe, akaubinya, basi, habari zote za siku zimeshasemwa.

Mwaka 2023 dada aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Dawa zilimwongezea muda lakini zikadhuru mishipa ya fahamu ya mikono. Kirimi alipombinya, hakuhisi kitu. Nywele zilipodondoka hakulia, ila hili lilimliza. “Milango pengine inafunguka,” alimwambia mumewe, “lakini hodi haifiki.”

Kirimi, kwa ukaidi wake, aliendelea kuushika mkono ule ule. Alasiri moja Bi Zamzam alikuja kumkanda dada kwa mafuta ya nazi, akianzia vidoleni na kupanda taratibu. Alipofika juu ya kiwiko, dada alifumba macho na kushusha pumzi. Zamzam akageuka. “Bwana Kirimi, mwenzio yuko huku juu.” Toka siku hiyo shemeji alihamia begani.

Bwana Fahmi naye alikuja kumjulia hali. Alisimama mlangoni, mkono kifuani. Dada aliuinua wake kwa shida, akauweka kifuani. Fahmi alipoondoka, dada alituambia kwamba salamu hiyo ameipata yote.

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, hospitalini Lamu, Kirimi akiwa amemshika bega. Aliomba mwenyewe azikwe hapa kijijini Hindi, kaunti ya Lamu, kando ya nyumba waliyojenga pamoja.

Ameacha mume, Rufus Kirimi. Watoto, Hillary na Makena. Sisi ndugu zake. Wanafunzi wengi wa Faza. Na nyumba ya Bwana Fahmi na Bi Zamzam, ambayo ilikuwa kwake pia.

Jana tulipokuwa tukipanga viti, upepo ulivuta pazia likamgusa Kirimi begani. Aligeuka upesi, akitabasamu. Akalitazama pazia lile kwa muda, kisha akaendelea kupanga viti.

Pumzika kwa amani, dada. Sisi bado tunageuka.