Nukta Ishirini na Tatu

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na moja Mei, mwaka 2024. Mvua za masika zilikuwa zimekatika siku tano kabla, na asubuhi hiyo jua lilitoka jeupe, ardhi ya mtaa wa Mlabani ikafuka mvuke kama sufuria ya ubwabwa iliyofunuliwa, wala hapakuwa na upepo. Mbele ya banda la fundi baiskeli kulikuwa na benchi la mbao za mninga, na kabla ya saa tatu kila aliyeketi hapo alikuwa amekwisha kunywa kikombe cha tatu cha kahawa. Banda lilikuwa la Maximilian, ambaye hakuna aliyemwita hivyo tangu ubatizo. Yeye alikuwa Spoku. Kulia kwake alikaa Seni, Msukuma aliyeingia bondeni na ng'ombe wa baba yake akiwa kijana, na sasa akiuza maziwa mjini kwa jina la Lita. Nazari, mwenye birika, alikuwa akisuuza vikombe katika ndoo yake. Pembeni, mkono juu ya usukani wa pikipiki, alikaa Fulgensi wa bodaboda, aliyeitwa Fasta. Na katikati yao, akiwa ametandaza karatasi ya kalenda ya mwaka jana kwa upande wake mweupe, alikaa Mzee Hilary, mtakwimu wa serikali aliyestaafu, msomi wa chuo kikuu, ambaye benchi zima lilimwita Takwimu na yeye mwenyewe hakulikataa jina hilo.

— Mzee Takwimu, mimi leo nataka neno moja tu, alisema Fasta. Nikamtoe Agnella au nisimtoe?

Agnella alikuwa mkewe. Tangu Februari alikuwa bondeni, ng'ambo ya mto upande wa kwenda Malinyi, yeye na watoto wawili, wakilala katika dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, na kuamia ndege katika ekari tatu za mpunga. Jana jioni alikuwa amepanda kichuguu ambako simu hushika mtandao, akamwambia mumewe kwamba Rosemery, jirani wa dungu la pili, ameanza kutapika na kuharisha. Mpunga ulikuwa umeanza kuingia maziwa. Shamba likiachwa wiki moja wakati huo, kweleakwelea hawamwachii mtu hata mbegu. Fasta alikuwa ameuliza swali hilohilo tangu Alhamisi, kipindupindu kilipoanza kutajwa mjini, na Takwimu alikuwa amemwambia asubiri ramani ikamilike.

Sasa ilikuwa imekamilika.

— Subira, kijana, alisema Takwimu. Kwanza nisikie wenzangu. Kipindupindu hiki kinatoka wapi?

Lilikuwa kosa kuuliza hivyo mbele ya Spoku.

— Huu ni ugonjwa wa lami, mzee. Zamani mtu akishikwa huko Kidatu akapanda basi, mashimo yalimalizana naye njiani. Anafika hapa ama kapona ama kafa. Sasa barabara imenyooka, anateleza tu, anashuka stendi angali mbichi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone vipi wakati ndiye anayeumwa? aliuliza Lita.

— Ndiyo methali inavyosema. Sikuitunga mimi.

— Mimi nawaambia huu ni ugonjwa wa wenye vyoo. Mnachimba shimo, mnalijaza miaka kumi, mvua inakuja inalimimina uani, halafu mnashangaa. Mwenye ng'ombe hana shida hiyo. Pakichafuka, anahama.

— Wewe nyamaza kabisa, Lita. Ng'ombe wenu ndio wanaotia kinyesi mtoni.

— Nina ng'ombe sabini. Hakuna hata mmoja aliyeharisha. Ingekuwa ni wao, si wangeanza na mimi ninayelala nao?

— Kikulacho ki nguoni mwako.

— Nguo zipi, fundi? Hiyo kaptula yako nimeikuta mwaka nahamia.

Hata Fasta alicheka, ingawa mkono wake haukutoka kwenye usukani. Nazari akamimina duru ya nne bila kuulizwa, dalili kwamba naye ana la kusema.

— Mnasahau daraja, alisema. Tulipokuwa na kivuko, watu walibanana, jasho kwa jasho, ugonjwa ukavushwa bure. Sasa kuna daraja. Refu, tena liko juu. Kipindupindu ni mdudu wa chini, wa majini. Akifika pale katikati akachungulia, kizunguzungu. Anarudi mjini.

— Mdudu anaogopa kimo? aliuliza Fasta.

— Wewe ulishamwona juu ya mnazi?

— Nikuchane ukweli, Nazari, abiria wangu wa jana alikuwa na akili kuliko wewe. Yeye alisema ni kambale. Anayekaangwa bila kunyolewa sharubu.

— Na aliyekula mkia je?

— Huyo anapona nusu.

Benchi lilitikisika kwa vicheko. Takwimu alingoja vitulie. Alikuwa amezunguka kwa mabalozi kumi na mmoja wa nyumba kumikumi kwa siku mbili, kwa miguu, katika tope, akiandika jina la kila mgonjwa, umri, nyumba na siku ya kuugua. Na jana, alipokuwa akitia nukta ya mwisho kwa kalamu nyekundu, alikuwa amehisi furaha ambayo hakuihisi tangu siku ya kustaafu, ya mtu anayeona vitu vilivyotawanyika vikijipanga vyenyewe mbele ya macho yake.

— Nadharia zenu zote ni upuuzi, alisema, lakini ajabu ni kwamba upuuzi wote unaelekea upande mmoja. Tazameni. Huu ni mto. Hii ni mitaa yetu. Nukta moja, mgonjwa mmoja.

Wakainama wote. Nukta zilikuwa zimesongamana upande wa mji kama upele. Ng'ambo ya mto karatasi ilikuwa nyeupe.

— Ishirini na tatu huku, akaendelea, na sauti yake ikaanza kupanda. Ng'ambo, sifuri. Sasa fikirini kwa utaratibu. Msimu huu theluthi mbili ya watu wetu wako mashambani. Ugonjwa ungekuwa hauchagui, tungetarajia wagonjwa kumi na watano wawe huko. Hayuko hata mmoja. Bahati haifanyi hivyo, jamani. Hii ni sheria. Chanzo kiko mjini, na mashamba ni salama.

— Na huyo Rosemery anayetapika? aliuliza Fasta.

— Mmoja, ambaye hajapimwa. Huenda ni malaria. Huwezi kuvunja ishirini na tatu kwa mmoja.

— Kwa hiyo nimwache?

— Ukimleta mjini, unamtoa penye sifuri unampeleka penye ishirini na tatu. Mwache.

— Nilijua, alisema Spoku. Dungu liko juu. Aliye juu mngoje chini.

Fasta akashusha pumzi. Mkono ukatoka kwenye usukani, ukapokea kikombe. Alikuwa amelala na swali hilo siku mbili, na sasa mtu msomi alikuwa amelitua.

Hapo ndipo alipofika mwanamke akikokota baiskeli yenye gurudumu la nyuma lililolala. Alikuwa na fulana ya wahudumu wa afya ya jamii, na mfuko mzito begani. Spoku alimfahamu kidogo: Levina, aliyehamishiwa mtaani mwezi uliopita.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Karibu. Pancha?

— Pancha, na nina kaya kumi na nne za kufika kabla ya saa sita.

Spoku aliitoa tairi akaingiza mpira katika karai la maji, akitafuta mapovu. Nazari akamkaribisha kikombe. Levina akatazama ndoo.

— Ahsante, baba. Kahawa imechemka, ila kikombe hakijachemka.

— Kuna wengine wamekunywa humu miaka ishirini, alisema Nazari.

— Na mimi napenda waendelee.

Takwimu alivutiwa na jibu hilo. Akamkaribisha kwenye ramani kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni, akamweleza yote: mabalozi, nukta, theluthi mbili, kumi na watano waliotarajiwa, sifuri iliyopatikana. Levina alisikiliza vizuri. Alipitisha kidole juu ya mitaa, akitaja majina mawili aliyoyajua mwenyewe, na uso wake ulionyesha heshima ya kweli.

— Kazi nzuri sana, mzee. Sisi wenyewe hatuna ramani kama hii. Nina swali moja tu. Hawa ishirini na tatu, wiki ile kabla hawajaugua, walikuwa wanalala wapi?

Takwimu akainamia ramani. Alijua nyumba, mtaa, umri, jinsia na tarehe. Akatazama nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu.

— Wanalala kwao, alisema Spoku. Si nyumba zao hizo?

— Ndiyo kwao. Lakini walikuwemo?

Mpira ulitoa povu moja katika karai.

— Mama Teddy, alisema Lita polepole. Nukta hii. Sijampelekea maziwa tangu Februari.

— Mpigie, alisema Takwimu.

Lita alipiga akaweka sauti kubwa. Mama Teddy alijibu kwa sauti ya mtu anayejifunza upya kusema.

— Mimi? Mimi si nilikuwa shamba tangu mvua za kwanza. Waliniweka kwenye kerieri ya baiskeli Jumanne, sijitambui. Kwani kuna nini?

Ndipo benchi lilipowaka. Spoku aliitupa tairi akatoa simu yenye kioo kilichopasuka. Nazari aliacha birika motoni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akakimbilia nyumba ya tatu kwa Frida. Lita alikuwa na namba za wateja, Fasta namba za abiria. Majibu yakaja juu ya majibu, na Takwimu akiyachora kwa kalamu ya bluu, mshale kutoka kila nukta hadi ng'ambo ya mto.

— Nickolaus, shamba. Alikuja kufuata unga.

— Frida shamba, alihema Nazari akirudi. Na shemeji yake pia.

— Huyu hapokei.

— Mruke. Anayefuata.

— Shamba, mzee.

— Kristina?

— Hakwenda shamba. Ila ndiye aliyefua nguo za mumewe alipoletwa.

Walipata kumi na tisa. Kumi na wanane walikuwa wamelala madunguni. Wa kumi na tisa alikuwa Kristina. Upande mweupe wa karatasi ulikuwa sasa umejaa vichwa vya mishale.

Takwimu aliitazama. Kosa alikuwa ameliona, na halikuwa la hesabu. Kwa watu wa bonde hili mtu huhesabiwa alikojenga. Akae bondeni tangu Februari hadi Juni, azae huko, augue huko, ukimwuliza balozi atakwambia huyu ni wa Mlabani, nyumba ya bati jekundu. Mabalozi hawakusema uongo. Yeye mwenyewe, mwana wa bonde hili, aliyezaliwa msimu wa kuamia ndege, alikuwa ameuliza "anakaa wapi" na kuridhika.

— Kaka, Levina alimgeukia Fasta, huko kwenye dungu, choo kiko wapi?

— Choo... Dungu lina ngazi. Ukishuka, ni pori.

— Na maji ya kunywa?

— Kuna mfereji unapita mpungani.

— Madungu mangapi yanatumia mfereji huo?

Wanaume wote watano walijua kila shamba lina ekari ngapi na hutoa magunia mangapi; hilo hawakuwahi kuuliza. Lita alitazama viatu vyake.

— Na ng'ombe wangu nao, akasema, wanakunywea hapohapo.

Levina alikuwa tayari amefungua mfuko. Alimpa Fasta pakiti kumi za ORS, unga wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya kutibu maji.

— Pakiti moja lita moja. Yeyote anayeharisha aanze kunywa hapohapo, kidogokidogo, hata kama anatapika, na asiache njiani. Mimi napiga simu wodi iwangoje.

— Fulgensi, washa, alisema Takwimu.

— Unakwenda wapi, mzee?

— Alhamisi uliniuliza nikakwambia subiri. Washa.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Spoku.

— Funga mdomo, fundi, alisema Lita, naye akiita bodaboda wa pili kwa mkono.

Walivuka daraja kwa kasi ambayo Takwimu hakupenda kuikadiria, wakaacha lami, kisha pikipiki, wakapanda mtumbwi kukatiza maji ya mbugani. Walimkuta Agnella ameketi chini ya ngazi, ameegemea nguzo, macho yameingia ndani. Alikuwa ameanza kuharisha alfajiri. Watoto walikuwa juu wakipiga madebe kufukuza ndege, kama walivyoagizwa. Rosemery, katika dungu la pili, hakuweza kusimama, na Lita alimbeba mgongoni hadi mtumbwini. Takwimu alichanganya pakiti kwa maji yaliyotibiwa, akamshikia Agnella kikombe mwenyewe.

— Shikamoo, mzee, alinong'ona Agnella.

— Marahaba, mwanangu. Kunywa.

— Nani ataamia mpunga?

— Kunywa kwanza.

— Mmekawia.

— Mimi ndiye niliyekawia. Mumeo alitaka kuja.

Agnella alitoka wodini siku ya nne, Rosemery siku ya saba. Watoto hawakuugua. Juma lililofuata Levina na Takwimu walipita madunguni wakiwa na ramani mpya, iliyochorwa kwa kufuata mfereji, na vyoo vya kwanza vikaanza kuchimbwa mahali pa juu.

Ekari tatu za Fasta, ambazo mwaka wa kawaida hutoa magunia arobaini na tano, zilivunwa mwezi Juni. Yalipatikana magunia kumi na manne.

Hasara yote, magunia thelathini na moja.