Mme Puseletso na Breki za Masikio

Mme Puseletso Letsoara anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai. Miaka thelathini na mmoja kwenye zahanati ya mgodi wetu. Anapima masikio. Kwetu mwanamke mkubwa ni Mme, yaani mama, na mwanamume ni Ntate, yaani baba. Alianza kama mfagiaji, akawa anachungulia wapimaji, akapelekwa kozi Bloemfontein, akarudi na koti jeupe.

Sisi wa drili, watoboa miamba, tulikuwa wakorofi. Ukiwa kwenye kibanda chake unatakiwa ubonyeze kitufe ukisikia mlio. Tulibonyeza ovyo tu ili tuonekane wazima. Basi akawa anaacha kupiga mlio kabisa, anakutazama kupitia kioo cha kibanda. Unabonyeza.

"Ntate, umesikia mlio wa nani? Mimi bado natafuta miwani."

Mwaka 2011 alipewa mashine mpya. Hii inasikiliza sikio lenyewe, kwa sababu sikio nalo linatoa sauti, ndogo kuliko ya inzi. Hatukuamini. Akatuonyesha mstari kwenye skrini. Akatia kelele kidogo ya mashine kwenye sikio la upande wa pili, mstari ukashuka.

"Mnaona? Sikio linapeleka habari juu. Ubongo nao una neva zake za kurudisha amri chini: punguza makali. Ni kama breki."

Hilo hakupaswa kuwaambia watu wa drili. Jumatatu genge letu lote tulikuwa wenye breki. Kiongozi wetu, Ntate Motlalepula Sekonyela, ambaye pia ndiye mwalimu wa kwaya ya mgodi, alitupa vizibo vyake vya masikio kwenye pipa.

"Mungu kanifungia breki zangu humu ndani. Hivi vya mgodi vya nini?"

Na sisi tukatupa. Tukapanga foleni zahanati tupimwe nani ana breki kali, wa mwisho anunue magwinya, maandazi yetu ya mgodini. Foleni ilifika getini. Daktari alidhani ni kipindupindu. Motlalepula akawa wa kwanza, akatembea kifua mbele siku nzima. Mme Puseletso alijua tunacheza tu. Ya vizibo hakuyajua.

Wiki ya tatu tuko mazoezini, mashindano ya kwaya yamebaki mwezi mmoja. Motlalepula akatusimamisha.

"Sauti ya tatu mbona hamuimbi?"

"Tunaimba, Ntate."

"Mnaimba na mahindi mdomoni. Tena."

Tukaimba tena. Akatusimamisha tena. Hakuna aliyecheka. Mtu wa drili akifeli masikio anapelekwa juu ya ardhi kufagia uwanja. Na mwalimu wa kwaya asiyesikia, mnamfanyia nini?

Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia Mme habari ya vizibo. Alichukua koti. Alimfuata Motlalepula mpaka chumba cha kubadilishia nguo, wanaume wako na taulo, hakujali.

"Kesho asubuhi kwangu. Kuanzia sasa hakuna mashine, hakuna redio, hakuna kwaya."

Alimpima. Milio myembamba yote ilikuwa imepotea.

"Lakini breki yangu ilikuwa ya kwanza," akasema Motlalepula.

"Ya baiskeli, Ntate. Umeifunga kwenye lori la mawe. Ile inakusaidia harusini, mashangazi wote wanaongea kwa pamoja, wewe bado unamsikia anayekuita kula. Drili inaizidi."

"Milio itarudi?"

"Sijui. Kaa juu wiki mbili."

Alienda kugombana na msimamizi wa zamu mpaka Motlalepula akawekwa juu bila kunyang'anywa nafasi yake. Sisi alitusimamisha mbele ya keji, lifti ya kushukia mgodini, akatia vizibo masikioni mwetu kwa mkono wake, mmoja mmoja, kama anatia watoto dawa ya macho. Alivuta sikio langu mpaka nikasimama kwa vidole.

Kila asubuhi alimpima Motlalepula. Siku ya nne, hamna. Siku ya saba, hamna. Siku ya kumi akabonyeza. Mme akaacha kupiga mlio, kumtega. Hakubonyeza. Akapiga, akabonyeza. Akapiga mdogo zaidi, akabonyeza. Mme Puseletso alitoka akicheza kwenye korido na kiti cha daktari, magurudumu yanalia. Daktari alikuwa amekikalia.

Kwaya ilipata nafasi ya pili. Motlalepula mpaka leo anasema ni kosa la sauti ya tatu.

Tangu hapo genge letu tunavaa vizibo kabla ya buti. Hakuna hata mmoja wetu aliyepelekwa juu kufagia kwa sababu ya masikio.

Wiki iliyopita Mme alimpima Motlalepula mara ya mwisho. Alipunguza mlio mpaka chini kabisa. Ntate akabonyeza. Mme hakuamini. Akamvua Ntate visikilizio vya mashine kichwani, akavivaa mwenyewe, akapiga mlio uleule. Akasubiri. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mimi hata siusikii."

Mme, asante kwa masikio yetu. Kapumzike Ficksburg na wajukuu, ule, ulale, uishi vizuri. Tutakuja kukutembelea sote. Tutaongea kwa sauti kubwa.