Mguu Wangu na Ukurasa wa Pili

Tumsifu Yesu Kristo! Asanteni. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba niseme, kwa sababu mabinti wawili wa hapa kwetu Mkuu wameletewa barua za kwenda kukimbia Amerika, na wazazi wao wanataka kuweka sahihi Jumapili hii. Mimi niliwahi kwenda. Mnaniona ninavyochechemea, na wengine mnasema nilianguka kwenye ngazi. Sikuanguka kwenye ngazi. Leo nitasema yote, ila jina la mtu sitataja, maana sikuja hapa kushtaki.

Nilikuwa mkimbiaji kwa sababu ya ng'ombe. Akina mama mnajua: ng'ombe wetu wanafungwa nyumbani, majani yako huko chini, na mzigo unaupandisha mlima kichwani. Nilikuwa nashuka mbio ili niwahi kurudi kabla ya kengele ya shule. Nilipofika kidato cha nne, hakuna msichana wilayani aliyeniona uso tukiwa mbioni, walikuwa wananiona mgongo tu. Najisifu, samahani. Niacheni nijisifu kidogo, huko mbele hakuna cha kujisifia.

Kocha wa chuo kimoja cha Amerika alisikia habari zangu kwa mwalimu wetu, akatuma barua. Nitasoma, nitalala na kula bure, mradi nikimbie. Ilikuwa miaka ile kahawa imeanguka bei, na baba alikuwa anang'oa mibuni kwa hasira, halafu anakaa anajuta. Barua ile ilimrudishia sauti. Akachinja mbuzi, akaita ukoo, pombe ya mbege ikapikwa, na mbele ya wazee wote akaweka sahihi.

Ndugu zangu, hapo ndipo tulipokosea. Kwetu sisi ukipewa kitu mbele ya ukoo na mbege ikanywewa, kimekuwa chako, kama kihamba, shamba la ukoo unalopewa na baba yako. Hakuna wa kurudi kesho akunyang'anye. Tukadhani na wale wenzetu wanatoa hivyo hivyo. Katika watu wote waliokuwepo, hakuna aliyefungua ukurasa wa pili.

Nikaenda. Miaka miwili nilishinda mbio nyingi. Picha yangu ilibandikwa ukutani, kubwa kuliko mlango huu. Fulana zenye sura yangu zilikuwa zinauzwa kwenye duka la chuo, na mimi napita nazitazama tu. Sheria yao ilikuwa kwamba mwanafunzi anayekimbia hapokei zawadi, wala halitumii jina lake kujipatia chochote. Mama mmoja wa kanisani aliniona natetemeka kwenye theluji, akanipa koti. Kocha alipoliona akasema, "Lirudishe leo hii, usije ukasababisha timu ifungiwe." Nikalirudisha kwa mikono yangu, yule mama akalia mlangoni kwake. Mwaka huohuo tulitwaa kombe, na kocha akaongezewa mshahara, akaja na gari jipya. Mnacheka? Mimi nilimpigia makofi! Nilimwona ni baba yangu.

Na anayekulisha humwambii umechoka, ndivyo tulivyolelewa. Muundi ulipoanza kuuma nikaficha wiki tatu. Siku nilipouma meno nikasema, daktari wa timu alinipiga picha, kisha akazungumza kwanza na kocha, mimi mwenye mguu nimekaa kitandani nasubiri. Kocha akaja akanishika bega. "Mbio moja tu, halafu utapumzika." Nikakimbia. Kabla ya kilomita ya tatu nilisikia mlio, kama mtu amevunja ukuni.

Walinipasua, wakaniwekea chuma. Mwezi wa sita ikaja barua ya mistari mitatu: ufadhili wangu hautaongezwa. Kadi yangu ya bwaloni ikakataa siku ileile.

Nikaenda ofisini kwa kocha na magongo. Nikamwambia, "Baba, mlinipa mbele ya mashahidi. Na mguu huu umevunjikia kwenye kazi yenu." Hakunifokea. Nilitamani anifokee. Alifungua faili akaweka kidole kwenye ukurasa wa pili: mwaka mmoja mmoja, kwa uamuzi wa kocha. Chini yake ilikuwa sahihi ya baba yangu, ile ya herufi kubwa kubwa. Akasema, "Pole sana. Kuna msichana mwingine anakuja, na nafasi ni hiyohiyo."

Nilimchukia. Lakini nawaambieni ukweli, nilimchukia baba yangu zaidi.

Bila chuo hakuna kibali cha kukaa kule. Nilihangaika huko miezi michache, nikafika Moshi mwezi wa Desemba, wakati Wachagga wote wanapanda nyumbani na mizigo ya sikukuu. Ningepandaje na magongo, mikono mitupu? Nikajificha Shirimatunda, pale pale mjini, kwa rafiki niliyesoma naye. Miezi minane! Nilikuwa napalilia mchicha wake nimekaa chini. Kuna siku nilimwomba Mungu nisiamke tena.

Asubuhi moja nikamwona baba anaingia kwenye ule mchicha, sijui nani alimwambia niliko. Amevaa koti lake la kanisani, na mkononi ana jani la isale. Vijana huenda hamjui: mkosaji ndiye hupeleka isale kwa aliyemkosea, na ukiletewa huwezi kukataa kusamehe. Ila mtoto ndiye humpelekea mzazi. Baba kumpelekea binti yake, mimi sijawahi kusikia. Nikasema, "Shikamoo baba. Hapana, usifanye hivyo." Akaninyooshea lile jani. Akasema, "Mwanangu, niliweka sahihi kitu nisichokisoma. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa na ukoo. Nisamehe."

Nililipokea lile jani. Tukapanda nyumbani siku hiyohiyo, na nilichobeba ni magongo.

Mguu haukupona, na hautapona. Lakini nilisomea ualimu, na sasa wasichana wangu wanakimbia mimi nimesimama na saa. Namshukuru mama mmoja mpishi wa kule, aliyekuwa ananipa chakula kwa mlango wa nyuma huku akijua atafukuzwa kazi. Namshukuru rafiki yangu wa Shirimatunda, ambaye hakuniuliza nitaondoka lini. Na baba, tuliyemzika mgombani mwaka juzi, namshukuru kuliko wote.

Mabinti zangu, sisemi msiende. Nendeni, miguu mmepewa na Mungu. Lakini kabla baba zenu hawajashika kalamu, simameni mbele ya huyo aliyeleta barua, mmwulize kwa sauti, wazee wote wakisikia: "Siku mguu wangu ukivunjika, nitakula wapi?" Mtazameni usoni. Akikasirika, amekwisha kuwajibu.