Bado, Mwalimu Edith

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, Muhuru Bay hadi Ndhiwa, jikoni, dukani, shambani. Leo tunamkumbuka Mwalimu Edith Nyanchama, aliyezikwa Jumamosi nyumbani kwao Rongo. Nawaonya mapema: mwalimu huyu hakumbukwi bila kicheko. Kwa hivyo leso iwe karibu, lakini mbavu nazo mzishike.

Edith alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Chuo cha ualimu kilimpeleka Muhuru Bay kufanya mazoezi ya kufundisha. Darasa la tano, somo la Kiswahili. Siku ya kukaguliwa alivaa sketi iliyopigwa pasi ikanyooka kweli, akafundisha ngeli ya KI-VI. Kitabu changu, vitabu vyangu. Mkaguzi wa chuo, Bwana Mokua, alikuwa ameketi nyuma.

"Mmeelewa?" Edith akauliza.

"Ndiooo, mwalimu!" Mabati yalitaka kung'oka.

Akainua kitabu kimoja. "Haya, hiki ni cha nani?"

"Ni yangu, mwalimu!" akajibu Truphena, msichana wa dawati la mbele, tena kwa furaha.

Wee! Bwana Mokua akafunga kalamu yake. Edith alikuwa ameanguka. Akaambiwa umebaki ukaguzi mmoja tu, na akianguka tena, ualimu ausahau. Ausahau, wasikilizaji wapendwa, yeye aliyeanza kufundisha mbuzi wa kwao! Kaka yake, Onchiri, aliniambia hivi: "Edith alikuwa anapanga mbuzi kwa mstari, anawaita majina. Mwenye hakuitika, anarudia darasa."

Alilia, kusema kweli. Lakini kuna kitu kilimkera kuliko alama. Wale watoto walikuwa wamesema ndio. Kwa nini waseme ndio? Asubuhi akamuuliza Truphena.

"Mwalimu, ukiuliza mmeelewa, sisi tunasema ndio. Hatutaki usikie vibaya."

Kumbe walikuwa wanamhurumia! Edith alicheka mpaka akakaa chini. Swali lake lilikuwa la kujituliza yeye mwenyewe, na watoto wakampa alichotaka. Akaliacha siku hiyo hiyo. Akaweka sheria mpya: asiyeelewa apaze sauti aseme "Bado!" Na akisema, darasa lote limpigie makofi.

Nani alithubutu? Hakuna. Basi Edith akawaomba wamfundishe kuhesabu kwa Dholuo, lugha ya nyumbani kwao. Walipofika tatu, akapiga kelele, "Bado!" Watoto wakaangaliana, kisha wakampigia makofi mwalimu wao. Kuanzia hapo, bado zikawa nyingi kama omena, wale dagaa wa ziwani.

Ukafika ukaguzi wa pili, ule wa mwisho. Bwana Mokua nyuma, kalamu mkononi. Somo ni ngeli ya A-WA, ya watu na wanyama. Edith akasema, "Kiboko amekula mahindi."

"Bado!" Ni Truphena, nani mwingine? Makofi. "Mwalimu, ulisema kitabu kimeanguka. Sasa kiboko, mbona si kimekula?"

"Bado!" wakadakia wengine. Jasho likamtoka Edith. Mara sauti nzito ikatoka nyuma.

"Bado, hata mimi," akasema Bwana Mokua.

Na watoto, sheria ni sheria, wakampigia makofi mkaguzi!

Edith akavuta pumzi. "Kuna kiboko cha kuchapa, na kuna kiboko wa ziwani. Kikikuchapa, ni kiboko kile. Akikufukuza, ni kiboko yule!"

Darasa likavunjika mbavu. Hakuuliza kama wameelewa. Alisema tu, "Truphena, tupe habari za shamba lenu."

Truphena akasimama. "Kiboko alikuja shambani. Baba akachukua kiboko chake. Alipomwona vizuri, akakitupa, akakimbia."

Hapo Bwana Mokua alicheka mpaka kalamu ikamwanguka. Edith akapita. Akawa mwalimu. Tangu hapo alifundisha Migori na Homa Bay, mpaka ugonjwa wa ghafla ulipomchukua mapema mwezi huu. Binti yake, Emmah, anasema hata nyumbani ilikuwa marufuku kuitikia ndio ya uongo. "Mama alikuwa anasema, ndio ya haraka inaniacha peke yangu."

Truphena naye leo ni mwalimu, yuko Ndhiwa. Alikuwa Rongo Jumamosi. Mchungaji aliposimama kando ya kaburi akauliza, "Ndugu zangu, mko tayari tumuage Mwalimu?" Truphena hakufikiri. Ilimtoka tu.

"Bado!"

Wanafunzi wa zamani, watu wazima na watoto wao mgongoni, wakaitikia, "Bado!" Emmah alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Kisha nyuma kabisa, mzee mmoja akajikongoja kwa mkongojo wake. Alikuwa Bwana Mokua.

"Bado, hata mimi," akasema.

Waombolezaji wote wakampigia makofi.

Makiwa kwako Emmah, makiwa kwako Onchiri na ukoo mzima. Mungu awape nguvu. Na wewe msikilizaji, jiulize: kuna bado gani umeimeza tangu asubuhi, ukasema ndio? Itoe. Sisi huku tutakupigia makofi.