Kamera ya Baba Yenu Mdogo

Vuteni viti mje hapa karibu na kitanda, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni, na hili la leo sitaki mlisikie nusunusu. Binti yangu, acha kuzipanga hizo dawa, zimeshafanya zilichoweza. Na wewe mdogo wake, izime hiyo simu. Najua mmetoka mbali na mmeacha kazi zenu, kwa hiyo nitasema mara moja tu, nanyi mnisikilize mpaka mwisho hata mkikasirika, maana kukasirika mtakasirika.

La mali halina marefu. Nyumba hii ni yenu wawili, sawa kwa sawa, na asiwepo wa kumfungia mwenzake mlango. Vyombo vyangu vya kazi, meza, taa na bisibisi zote, mpeni fundi saa wa duka la pili. Msiniulize kwa nini nisiwape nyinyi, hamtajua hata pa kuzishika. Yule bwana ndiye aliyenisalimia kila asubuhi miaka yote hii ambayo hakuna aliyeniletea kamera. Nilikuwa nafungua duka ili tu nisikie mtu akisema, "Mzee, umeamkaje?" Nikishaitikia, basi, siku yangu imekwisha, nakaa kutazama viatu vya wapita njia mpaka jua lishuke.

Sasa sikilizeni habari ya baba yenu mdogo.

Miaka kumi na tisa niliwakataza kukanyaga kwake. Wewe binti yangu ulitaka kumwalika harusini, nikakataa, ukalia, nikakuacha ulie. Mwaka jana alipofariki, hatukwenda kumzika. Kila mlipouliza kosa lake niliwajibu, "Alinitukana mbele za watu." Na kweli alinitukana. Ila sikuwaambia alianza nani, wala kwa nini.

Yeye alikuwa mpiga picha, mimi mtengenezaji wa kamera. Mji mzima ulikuwa ukiniita Daktari, na aliyelianzisha jina hilo ni yeye, akileta mteja husema, "Huyu kaka yangu akishindwa, kazike." Mama yetu alipozidiwa, tuliitana ndugu wote saba tukutane kwake siku moja, tupige picha naye angali hai, kwa sababu hatukuwa na hata moja tuliyo naye wote. Juma moja kabla, mdogo wangu akaniletea kamera yake niisafishe. Nikafungua mfuniko wa chini, nikatoa skrubu kumi na moja, nikaziweka kwenye kisahani. Wakati wa kufunga nikahesabu kumi.

Fundi mwenye adabu hapo husimama, akafungua tena, akatafuta mpaka apate. Mimi nilichukua sumaku nikaipitisha sakafuni. Wanangu, skrubu ile ilikuwa ya shaba, na shaba haivutwi na sumaku, nami nilijua hivyo kabla hamjazaliwa. Niliipitisha ili nafsi yangu iweze kusema nimetafuta. Kisha nikachomoa skrubu nyingine katika kopo la vikorokoro, nikafunga, nikampa kamera na kumwambia, "Nzima kama mpya."

Siku ilipofika, mama akakalishwa kitini katikati, sisi tukamzunguka. Hatukuenea kwenye picha. Mdogo wangu akapanda juu ya stuli, akaielekeza kamera chini, akapiga mara tatu, na mama akacheka kwa kumwona mwanawe amening'inia juu kama anaezeka paa. Siku kumi na mbili baadaye tukamzika.

Filamu iliposafishwa, picha zote tatu zilikuwa zimeliwa na weusi kuanzia katikati. Sisi wa upande mmoja tunaonekana vizuri, mikono yetu imeshika kiti, na juu ya kiti ni giza. Mama hayumo.

Mdogo wangu akaja dukani na kamera na zile picha. Palikuwa na wateja watatu. Akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, tazama." Nikaichukua kamera, nikaishika sawa mbele ya jicho, nikaifyatua mara kumi, ikaitika mara kumi. Nikamwambia, "Kamera nzima hii."

"Kaka, sikuja kugombana. Ifungue tu uitazame ndani."

Hapo skrubu ile ikanijia akilini, naiona kama ninavyowaona nyinyi. Nikatazama wale wateja, nikalifikiria jina langu, nikasema, "Mikono inayotetemeka haitibiwi kwa bisibisi. Nenda kajifunze kazi." Wateja wakacheka.

Mdogo wangu alizikusanya picha zake. Kisha akaniambia, "Wewe si daktari, wewe ni mchinjaji. Mama umemuua mara ya pili." Akachukua kamera yake akatoka. Nami nililishika tusi lile kwa mikono miwili, kwa sababu maadamu nimetukanwa, sikulazimika kujibu nilichoulizwa.

Nipeni maji. Kidogo tu... Inatosha.

Mama yenu alinisihi mpaka anakufa. Wakubwa zangu walinisihi, nao wakatangulia mmoja mmoja. Nikabaki mimi na ukaidi wangu, nanyi mkaenda kwenye maisha yenu, na siwalaumu, nani apendaye kuja kukaa na mzee asiyesema?

Miezi minne baada ya mazishi ya mdogo wangu, shemeji, mjane wake, akaja dukani. Hakuketi. Aliweka mezani kifurushi cha kitambaa na kusema, "Alisema hii uifungue wewe, asiiguse fundi mwingine." Nikamkaribisha hata maji, akasema hana kiu, akaenda.

Wiki mbili niliizunguka kamera ile kama nyoka aliyelala. Siku ya kuianza, nilianza kwa nia mbaya, niwaambie ukweli: nilitaka kuthibitisha kwamba haina kosa. Ndani ya kamera kama zile mna mapazia mawili ya kitambaa cheusi. La kwanza hukimbia kuufungulia mwanga, la pili hulifuata kuufunga. La kwanza likisita njiani, la pili hulifikia, na kuanzia hapo filamu haioni kitu. Nikafungua mgongo wa kamera, nikauelekeza kwenye mwanga wa dirishani, nikafyatua polepole, nikafyatua kasi, kila mwendo mara ishirini. Mapazia yakakimbia safi. Nikapima kamba zake, zimekaza. Nikatafuta tundu kitambaani, hakuna. Nikafurahi, wanangu! Nikainua kichwa nimwambie mtu, "Mnaona? Nilisema mimi!" Hapakuwa na mtu. Kiti cha wateja kilikuwa na vumbi, na aliyepasa kuambiwa yumo kaburini, na kaburi lenyewe silijui lilipo.

Nikakaa. Na katika kukaa ndipo nikaikumbuka ile stuli.

Nikaichukua kamera, nikainamisha lenzi ielekee chini, nikafyatua. Sauti ikawa nyingine, kama mtu aliyekwamwa na neno kooni. Nikatazama: nusu nyeusi. Nikaiinua sawa, safi. Nikaiinamisha, nusu nyeusi. Kila fundi tangu dunia iumbwe hujaribu kamera akiwa ameishika sawa mezani. Mdogo wangu alikuwa juu ya stuli.

Nikafungua mfuniko wa chini. Skrubu kumi zilikuwa ndugu, ya kumi na moja mgeni, ile ya koponi. Na nyuma ya gurudumu, mahali ambapo kamera ikiinama kitu huteleza na kulizuia pazia, ilikuwepo ile ya shaba, ndogo kama punje ya mtama. Kuitoa kulinichukua muda wa kumeza mate. Muda huo ndio alioniomba mdogo wangu, nikamnyima miaka kumi na tisa.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kiliniumbua kifo cha mwenzangu.

Kesho yake nilikwenda kwa shemeji. Nilimkuta anafua. Nikamwambia yote, nimesimama, maana sikuthubutu kuomba kiti. Aliendelea kukamua nguo, kisha akasema, "Shemeji, alijua."

"Alijua nini?"

"Aliitikisa sikioni siku ileile, akasikia kitu kinacheza. Nikamwambia ipeleke kwa fundi mwingine. Akasema, fundi mwingine akiifungua akakuta kosa, mji mzima utajua, na kaka hana kazi nyingine. Akaifunga kitambaani. Alikuwa akingoja uje uiombe wewe mwenyewe."

Kisha akafuta mikono, akaniletea stuli nikakaa. Hakuniambia amenisamehe. Alikaa na mimi tu, na ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa na mtu kutwa nzima tangu mama yenu aondoke.

Mmenisikia? Tazama unavyolia, binti yangu. Lia. Ile harusi yako nilikudhulumu, na kukurudishia siwezi.

Basi haya ndiyo ninayowaagiza. Kwanza, asiniite mtu Daktari mbele ya jeneza langu. Semeni fundi, inatosha. Pili, watoto wa baba yenu mdogo ni ndugu zenu wa damu, watatu, na yule wa mwisho amempa mwanawe jina la baba yangu, kumbe na hilo nilikuwa silijui. Waambieni kosa lilikuwa langu. Msiseme "tuligombana", msiseme "mambo ya wazee". Semeni, baba alikosa, akajua amekosa, akanyamaza. Maneno hayohayo.

Na msingoje nife. Watu wakiitwa msibani huja kuzika, wakimaliza hutawanyika. Waiteni sasa, nipo... nipo bado. Namba zao shemeji ameziandika kwenye karatasi, iko chini ya mto, inua kichwa changu... taratibu. Hiyo. Iwashe simu yako, mwanangu. Nilisema izime, sasa iwashe, uanze na yule wa mwisho.

Mungu awape ndimi nyepesi kukiri na mikono mizito kupiga. Awalinde njiani. Mkikoseana, jua lisi... lisitue kabla mmoja hajabisha hodi kwa mwenzake. Nimewaridhia. Wote wawili, nimewaridhia... nanyi, mkiweza...

Inaita? Weka sauti kubwa. Sitasema mengi. Nipe... nishikie hapa sikioni.