Kadi ya Mama Flavia na Miaka 33 ya Eliakim

Baada ya miaka 33 katika kitengo cha mazoezi tiba cha kliniki yetu hapa Moshi, Bwana Eliakim anastaafu tarehe 30 Juni.

Mashine ya kutembelea, yenye barakoa ya kupima pumzi, ilipofika miaka minane iliyopita, alijipima yeye kwanza. Alikuwa na miaka 52. Kanuni ya darasani, 220 ukitoa umri, ilisema moyo wake hautazidi mapigo 168 kwa dakika. Ulifika 183. Hakujisifu, alidai mashine ni mbovu, akarudia kesho yake mbele ya daktari. Ikatoka 182. Wiki nzima alimuuliza kila aliyepita mlangoni, "Sasa hii kanuni inamjua nani?"

Mwaka uliofuata swali hilo liliacha kuwa mzaha. Mama Flavia wa Kirua Vunjo, miaka 68, alikuwa anapona ugonjwa wa moyo na alitaka kitu kimoja: kupanda tena kilima hadi shambani kuwakatia ng'ombe wake majani. Foleni ya mashine ilikuwa ndefu, hivyo Eliakim alimkadiria kwa kanuni ileile. Akamwandikia kwenye kadi atembee mpaka mapigo yafike kati ya 106 na 122, yaani asilimia 70 hadi 80 ya kilele alichokadiria. Mama alirudi mara tatu bila kuyafikia mapigo hayo, mara ya tatu akiwa na kizunguzungu.

"Mwanangu, nisamehe," alimwambia. "Naona nimekuwa mvivu."

Alipimwa kwenye mashine siku hiyohiyo, daktari akisimamia. Kwa nguvu zake zote, moyo uliishia 118. Dawa aliyokuwa akimeza hupunguza kasi ya mapigo, na kanuni haikuwa na habari za dawa. Kadi ilikuwa inamdai mama wa watu kitu ambacho moyo wake haukuwa nacho.

Eliakim alimwomba radhi, akaandika upya: 83 hadi 94. Asubuhi iliyofuata alilitaja kosa lake kikaoni. Kisha akatoa mafaili 41 ya wagonjwa wanaotumia dawa hiyo, akawaita wote kupimwa, mmoja mmoja. Ilimchukua miezi mitano.

Mama Flavia sasa ana miaka 75 na kilima cha shambani anakipanda mwenyewe. Hupumzika mara mbili njiani. Jirani akimtania kwamba amezeeka, humjibu, "Mimi nimepimwa. Wewe je?"

Asante, Eliakim. Kila la heri huko Mkuu, nyumbani kwenu, na afya ya kutosha kwa vilima vyake vyote.